UKURASA WA BWANA SHAMBA: Kamba ikining'inia nyuma ya mbuzi, usiivute



Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo watu wengi huona haya kulisema. Ni juu ya mnyama aliyemeza kitu kisicho chakula, na kitu hicho kikakwama tumboni au kwenye utumbo wa mwisho, karibu na njia ya kutolea kinyesi. Tusione haya. Ugonjwa unaofichwa huua. Waliotutangulia walisema: mficha maradhi, kilio humfichua.

Mbuzi wa mama mmoja

Siku moja nilikuwa katika kijiji kimoja cha Handeni, upande wa Mkata. Mama mmoja alinipokea nyumbani kwake. Mama huyo ni mjane. Alikuwa na mbuzi sita. Mbuzi mmoja alikuwa na mimba kubwa.

Nikamsalimu, "Shikamoo mama."

"Marahaba, bwana shamba. Njoo umwone mbuzi wangu. Tangu jana hali, wala hanyi."

Nikamwangalia yule mbuzi. Alisimama peke yake, mgongo ameupinda. Mkia ulikuwa juu. Alikuwa akijikamua, lakini kilichotoka ni ute kidogo wenye damu.

Nikauliza, "Mama, mlimpa dawa yoyote?"

Mama akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Hatukumpa dawa. Lakini jana mwanangu aliona kamba inaning'inia kwenye mkundu wa mbuzi. Ni kamba ya katani. Akaishika, akaivuta. Ikatoka kipande, halafu ikakatika. Mbuzi alilia sana."

Pale pale nilijua kuwa tumechelewa. Kesho yake asubuhi yule mbuzi alikufa, pamoja na mtoto aliye tumboni. Ada na sare za shule za kijana yule zilikuwa zimewekewa tumaini kwa mbuzi huyo.

Tulipompasua tuliona jambo lenyewe. Ncha moja ya kamba ilikuwa imejifunga katika tumbo kubwa pamoja na vipande vya salfeti. Ncha ya pili ilikuwa imefika mwisho wa utumbo. Katikati, utumbo ulikuwa umejikunja juu ya ile kamba, kama kaptula inavyojikunja kiunoni ukivuta kamba yake. Kamba ilipovutwa ilikata utumbo kama msumeno. Kinyesi kikamwagika tumboni. Hapo hakuna dawa.

Kijana hakufanya ubaya. Alitaka kusaidia. Kosa ni letu sisi tuliosoma, kwa kuwa hatukuwaeleza wananchi mapema. Kwa hiyo leo naeleza.

Kwa nini mnyama hula vitu visivyo chakula?

Kuna sababu nne kubwa.

Ya kwanza ni njaa. Huku Handeni na sehemu za chini za Korogwe, majani hukauka kabla ya masika na tena kabla ya vuli. Mnyama mwenye njaa hula anachokikuta.

Ya pili ni ukosefu wa chumvi na madini. Mnyama aliyekosa madini hutafuna mifupa, nguo, kamba na hata udongo.

Ya tatu ni harufu ya chakula. Mfuko uliobeba sembe, chumvi au maganda ya ndizi hunukia chakula. Mbuzi hawezi kujua kuwa huu ni mfuko. Yeye humeza vyote.

Ya nne ni uchafu wetu wenyewe. Tazama kando ya barabara kuu pale Segera, Hale, Korogwe mjini na Mombo. Abiria hula ndani ya basi na kutupa karatasi za nailoni dirishani. Sokoni kuna kamba na salfeti zilizochanika. Kwenye mashamba ya mkonge kuna vipande vya kamba za katani. Ng'ombe na mbuzi hupita hapo hapo.

Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu tarehe 1 Juni 2019. Jirani zetu wa Kenya walifanya hivyo mwezi Agosti 2017. Hilo limesaidia. Lakini vifungashio vingine vya plastiki bado vipo. Na mifuko ya zamani haiozi upesi. Mvua ikinyesha, maji huifukua kutoka ardhini na kuipeleka malishoni.

Msidhani ni tatizo letu peke yetu. Mwaka 2019, katika mji wa Chennai nchini India, madaktari wa mifugo walimpasua ng'ombe mmoja wakatoa plastiki ya zaidi ya kilo 50 tumboni mwake. Kilo 50 ni uzito wa mfuko mmoja wa saruji! Ng'ombe yule alikuwa akitembea na mzigo huo kila siku.

Kitu hukwama wapi?

Ng'ombe, mbuzi na kondoo wana tumbo lenye sehemu nne. Ya kwanza ni tumbo kubwa, upande wa kushoto. Hapo ndipo majani hukaa na kurudishwa mdomoni ili yacheuliwe. Sehemu ya pili ni ndogo, na ndani yake ina vyumba kama sega la nyuki. Ya tatu ina kurasa nyingi kama kitabu. Ya nne ni tumbo linalofanana na la mtu. Baada ya hapo kuna utumbo mwembamba, halafu utumbo mpana, na mwisho njia ya kutolea kinyesi.

Mfuko wa plastiki mara nyingi hubaki katika tumbo kubwa. Hauozi na hautoki. Mwaka hata mwaka huongezeka na kujiviringa kama mpira.

Msumari au kipande cha waya ni kizito. Huangukia sehemu ya pili. Sehemu hiyo iko karibu na moyo. Tumbo likijikaza, waya unaweza kutoboa na kufika hata kwenye moyo.

Nyuzi za salfeti, vipande vya kamba na mbegu ngumu vinaweza kupita tumboni na kwenda kukwama mbele. Vikichanganyika na kinyesi kikavu, hasa wakati wa uhaba wa maji, huwa donge gumu. Donge hilo huziba njia ya mwisho.

Mbwa naye tusimsahau. Mbwa hulinda zizi usiku. Tukimpa mifupa mingi, vipande vyake hujikusanya katika utumbo wa mwisho na kuwa kama chokaa. Mbwa hujikamua na kulia, lakini hapati haja. Wengine hudhani ana wazimu, wakampiga. Kumbe ana mfupa. Lakini angalia: mbwa anayetoka mate, anayeuma ovyo au aliyebadilika tabia, usimguse. Anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Toa taarifa upesi.

Utajuaje?

Kila asubuhi, kabla ya kufungua zizi, tazama mambo haya:

1. Kinyesi. Ng'ombe mzima hunya mara kumi au zaidi kwa siku. Mbuzi mzima huangusha gololi zake mara nyingi. Ukikuta kinyesi kidogo, kikavu, chenye ute, damu au nyuzi, kuna jambo. Mnyama akikaa siku nzima bila kunya, hiyo ni hatari.

2. Kucheua. Mnyama mzima akipumzika hucheua. Asipocheua, ni mgonjwa.

3. Ubavu wa kushoto. Ukivimba, ukapungua, ukavimba tena baada ya siku chache, fikiria plastiki.

4. Mwili na maziwa. Mnyama anakonda ingawa majani yapo. Maziwa yanapungua.

5. Maumivu. Anapinda mgongo, anasaga meno, anapiga tumbo kwa mguu, anajikamua mkia ukiwa juu.

6. Joto la mwili. Ng'ombe mzima huwa na joto la nyuzi 38 hadi 39 na nusu. Bwana mifugo hupima kwa kipimajoto. Ng'ombe mwenye ndigana kali huwa na homa kubwa, na matezi huvimba chini ya masikio na mbele ya bega. Mwenye plastiki tumboni mara nyingi hana homa kubwa mwanzoni.

Nakiri kosa langu mbele yenu. Miaka ya nyuma, huko Korogwe, mzee mmoja aliniletea habari ya ng'ombe wake anayekonda. Nilimpa dawa ya minyoo. Baada ya majuma matatu nilimpa tena. Sikuuliza ng'ombe analishwa wapi. Kumbe alikuwa akipita kila siku kwenye jalala la soko. Alipochinjwa, tumbo lake kubwa lilijaa mifuko. Mzee alipoteza fedha za dawa mara mbili, na ng'ombe aliuzwa kwa bei ya ngozi na mifupa. Tangu siku hiyo, swali langu la kwanza ni hili: "Mzee wangu, mnyama wako hula wapi?"

Mambo ya kufanya

Ukiona dalili hizo, fanya hivi:

Kwanza, mtenge mnyama. Mweke kivulini, penye maji safi.

Pili, kumbuka na uandike. Sasa unajua kusoma na kuandika, basi tumia elimu yako. Andika: alikula lini mara ya mwisho? Alikunya lini? Umeona nini? Ukipeleka karatasi hiyo, kazi ya mtaalamu huwa nyepesi.

Tatu, mwite bwana mifugo wa kata siku hiyo hiyo. Usingoje siku ya mnada.

Nne, ukiona kamba au mfuko unaning'inia, uache. Usiuvute hata kidogo. Ukiwa mrefu na unakanyagwa, ukate kwa mkasi, ubakize kipande cha urefu wa kiganja ili mtaalamu akione.

Mambo ya kuacha

Usiingize kijiti, waya wala mkono mtupu. Ngozi ya ndani ni laini kama karatasi iliyolowa. Hutoboka upesi.

Usimnyweshe mafuta ya taa, sabuni ya unga wala mafuta ya gari. Hayo ni sumu.

Usimnyweshe kitu chochote kwa nguvu huku umemwinua kichwa. Kinywaji huingia kwenye mapafu, na mnyama hufa kwa kichomi.

Usimpe dawa kali ya kuharisha. Njia ikiwa imezibwa kabisa, dawa husukuma na utumbo hupasuka.

Mtaalamu atafanya nini?

Naeleza ili mjue, msiogope. Bwana mifugo huvaa glavu ndefu. Hupaka mafuta laini. Kwa ng'ombe, huingiza mkono polepole na kutoa kinyesi kikavu kidogo kidogo, huku akipapasa kama kuna kitu. Kwa mbuzi na ndama hutumia kidole tu. Kisha huweza kupitisha maji ya uvuguvugu kwa mpira laini, bila kulazimisha. Maji hulainisha donge.

Mwaka mmoja tulimwokoa ndama kwa njia hii, katika kitongoji kimoja cha Korogwe upande wa Mashewa. Mwenye ndama alituita asubuhi ile ile alipoona ndama anajikamua. Bwana mifugo alifanya kazi hiyo karibu saa nzima. Likatoka donge gumu lenye nyuzi nyingi za salfeti. Jioni ndama alinyonya. Mwenye ndama yule na mama mjane wa Handeni wote walipenda wanyama wao. Tofauti ni kwamba mmoja alituita mapema, na hakuna mtu aliyevuta kitu.

Plastiki iliyo katika tumbo kubwa haitoki kwa njia hiyo. Hakuna dawa ya kuiyeyusha. Mtu akikuuzia dawa ya kuyeyusha plastiki, anakuibia. Daktari wa mifugo anaweza kumpasua ng'ombe ubavuni kushoto akiwa amesimama, baada ya kumchoma sindano ya ganzi. Hutoa plastiki, kisha hushona. Wengi hupona wakiwahi.

Lakini upasuaji una gharama. Kaa na jamaa zako mpige hesabu. Kama ni mtamba mzuri au ng'ombe wa maziwa, huenda inafaa. Kama ni mnyama mzee, ni afadhali kumchinja mapema kabla hajakonda. Hapo yapo masharti mawili. Mkaguzi wa nyama aipime nyama kwanza. Na kama mnyama alichomwa dawa, mwulize bwana mifugo ni siku ngapi mngoje kabla ya kula nyama au kunywa maziwa.

Onyo juu ya mzoga

Mnyama akifa ghafla, na damu ikatoka puani, mdomoni au mkunduni, usimpasue kutazama alikula nini. Huenda ni kimeta. Kimeta huua na watu. Usimchune, usile nyama yake. Toa taarifa kwa bwana mifugo na serikali ya kijiji.

Kinga

Kukinga ni rahisi kuliko kupasua. Kila nyumba ifanye hivi:

1. Chimba shimo la taka, ulizungushie miiba au uzio. Mbuzi asiingie.

2. Kamba na salfeti zilizochakaa zisitupwe. Zikusanye katika debe lenye kifuniko.

3. Wape wanyama chumvi ya mifugo wakati wote. Jiwe la kulamba likining'inizwa zizini hukaa muda mrefu.

4. Hifadhi mabua ya mahindi na majani makavu kwa ajili ya kiangazi. Wape chakula kidogo kabla hawajatoka kwenda malishoni.

5. Wape maji ya kutosha. Kinyesi kikavu hukwama upesi.

6. Ukijenga au ukikarabati zizi, okota misumari na vipande vya waya vyote.

7. Kila kitongoji kipange siku ya kuokota plastiki malishoni na kando ya barabara. Siku nzuri ni kabla ya mvua kuanza. Wachungaji wafundishwe, maana wao ndio walio na wanyama kutwa.

Neno moja juu ya watoto na watu wazima

Mimi ni bwana shamba, si mganga. Lakini akina mama huniuliza, kwa hiyo nasema kidogo.

Watoto nao humeza vitu: sarafu, vifungo, mbegu. Vitu vingi vidogo na laini hutoka vyenyewe. Hata hivyo mpeleke mtoto zahanati atazamwe. Usimtapishe kwa nguvu. Usimwingize kidole wala kijiti nyuma. Mtoto akila mbegu nyingi ngumu, kama za mapera, zinaweza kujikusanya na kuziba njia. Akilia anapokwenda haja, tumbo likavimba, au haja ikakataa, wahi zahanati.

Kitu kimoja hakingoji hata saa moja: betri ndogo ya mviringo kama kifungo, ile ya saa au ya mwanasesere. Ikikwama kooni, huunguza nyama ndani ya saa chache. Mpeleke mtoto hospitali mara moja, usiku au mchana, hata kama anacheza. Sumaku na kitu chenye ncha, kama pini au sindano, navyo havingoji.

Na mtu mzima akikwama na kitu nyuma, kwa sababu yoyote ile, asijaribu kukitoa mwenyewe, wala asikae nyumbani kwa haya. Aende hospitali. Huko wana picha ya eksirei na wana dawa ya ganzi. Mganga ameshaona mengi, na kazi yake ni kutibu na kutunza siri. Damu, homa au maumivu makali ya tumbo ni dalili kwamba utumbo huenda umetoboka. Hapo hata siku moja ni nyingi.

Ndugu wasomaji, yule mama mjane wa Handeni bado anafuga. Nilipopita kwake mara ya mwisho, nilikuta debe limesimama mlangoni pa zizi. Ndani yake mlikuwa na vipande vya kamba na salfeti. Kijana wake ndiye anayelijaza. Aliniambia, "Bwana shamba, sasa siwezi kupita kamba barabarani nikaiacha."

Nasi tufanye kama kijana huyo.

Maana ya maneno

Kucheua: kurudisha majani kutoka tumboni hadi mdomoni na kuyatafuna tena.
Ganzi: dawa ya kuzuia maumivu sehemu moja ya mwili.
Mtamba: ng'ombe jike ambaye hajazaa.
Ute: maji mazito yanayoteleza.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kwa nini kuvuta kamba kulimwua mbuzi?
2. Taja dalili tatu za mnyama aliyemeza plastiki.
3. Katika kitongoji chenu, wanyama hupita wapi penye taka? Nani ataanza kuzisafisha, na lini?

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutazungumza juu ya kukata kwato za mbuzi. Kwaherini, na kazi njema.

Bwana Shamba wenu,
Handeni na Korogwe